Jicho Lililokataa Kufumba

Karafuu maiti, ile dawa nyeupe ya kuogeshea wafu, mpaka leo ikinifika puani ukope wangu wa kushoto huanza kuniwasha. Nyumba yetu ya Malindi ilijaa harufu hiyo mchana aliofariki bibi, mama yake baba. Ilikuwa masika, kuta za mawe zimelowa, chokaa inadondoka sakafuni vipande vipande, na juu ya harufu ya unyevu ikapanda ile ya karafuu maiti na majani ya mkunazi yaliyopondwa. Nilikuwa na miaka tisa na kiherehere cha kutosha watoto watatu. Watoto wote tuliamriwa tukae ghorofani, tusishuke mpaka jeneza litoke. Mimi huyo nikashuka.

Adabu nilikuwa nayo, msinifikirie vibaya. Tatizo lilikuwa jicho la bibi. Kabla sijazaliwa alikuwa ameota kinyama chekundu kwenye pembe ya jicho la kushoto, upande wa pua. Wengine walisema ni jua, wengine moshi wa jikoni. Kikatambaa taratibu juu ya weupe wa jicho, kikavuka mboni, mwishowe kikatokeza nje baina ya kope. Hospitali aliikataa katakata. "Hakiniumi, hakininyimi usingizi, mnataka nikatwe cha nini?" Haya yote niliyasikia kwa watu, kwani mwenyewe sikuwahi kukiona. Ncha ya mtandio wake ilikaa juu ya jicho lile kutwa nzima, akila, akisuka ukili, akinisomesha alifu na bee. Nikiinua mkono kuugusa mtandio, aliukamata akauweka mapajani mwake bila ya kunigombeza. Siku ile nilijua ndiyo nafasi yangu ya mwisho.

Mlango wa chumba cha chini ulikuwa na ufa. Nikauwekea jicho la kushoto. Niliona kitanda cha kuogeshea, shuka iliyomfunika bibi kifuani mpaka magotini, na mgongo wa Bi Mize, mwosha maiti wa mtaa wetu. Alikuwa akimfumba bibi jicho kwa kidole kilichoviringishwa kitambaa. Akaachia, likafunguka. Akalifumba tena, akalishikilia huku midomo yake ikisoma, akaachia. Likafunguka polepole, nyama iliyofifia rangi, na chini yake ukingo mwembamba wa mboni. Kichwa cha bibi kilikuwa kimelalia upande wangu. Lilikuwa likinitazama. Ningekimbia ningejisamehe, lakini sikukimbia. Nilitazama mpaka nikashiba.

Siku ya tatu niliamka na kiuvimbe kwenye ukope wa kushoto, kidogo mfano wa punje ya mtama. Baada ya wiki kilikuwa punje ya kunde, kigumu, hakina usaha, kinalielemea jicho tu. Pembeni mwa kila nilichokitazama pakawa na kivuli. Nikikaa ngazini peke yangu, nilihisi kile kivuli kimekaa na mimi. Na kwetu ukiota chokea kwenye ukope, maana yake ni moja, umemchungulia mtu asiye na nguo. Skuli walinicheka, wakiniuliza nimemchungulia nani. Shangazi, dada yake baba, hakucheka. Alinikalisha mkekani akanambia, "Mtaje, ukamuombe radhi. Akikusamehe kitaondoka. Asipokusamehe kitakua mpaka kikuzibe jicho." Nikajiona nimekuwa mtu mzima, mtandio juu ya jicho langu. Na wa kumuomba radhi keshazikwa. Nikaogopa, nikasema uongo. Nilimtaja Bi Mize, kwa kuwa naye alikuwamo chumbani. Akili yangu ya kitoto ilidhani radhi yake itatosha kwa wawili.

Shangazi akanipeleka nyumbani kwa Bi Mize, mwenyewe akabaki barazani, mimi nikaingia. Bi Mize alikuwa akichambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamwambia haraka haraka kwamba nilimchungulia akioga na nimekuja kutaka radhi.

"Mie naoga nshafunga mlango kwa komeo," alisema, macho yakiwa kwenye ungo. "Hukuniona mie."

Nikainama, nikaokota punje za mchele sakafuni.

"Nilimfumba mara tatu, mara tatu likafunguka. Nikajisemea, huyu ana mtu anamtazama. Nikageuka, nikaona vidole vya miguu chini ya mlango." Nikaanza kulia. Akaweka ungo chini. "Miaka yote akilificha kwa ajili yako, usije ukamuogopa. Alinambia mwenyewe. Mie radhi yangu nshakupa, mwanangu. Ya kwake sina ruhusa ya kuitoa."

Nje shangazi akaniuliza kama nimesamehewa. Nikamwambia ndiyo.

Kiuvimbe hakikuondoka. Mwezi mzima nilikwenda nikikishika kwa kidole, na usingizi nilikuwa nikiuogopa, nisije nikalala jicho likabaki wazi. Mwishowe baba alinipeleka hospitali. Daktari aliupindua ukope wangu, akapasua kwa ndani, akakamua ute mzito, akasema ni tezi ya mafuta iliyoziba. Baba akamuuliza na habari za jicho la bibi lililokataa kufumba. Daktari akaeleza kwamba kinyama kama kile kikiachwa kikatokeza nje, kope hukosa nafasi ya kukutana, awe mtu hai au amekufa. Niliyasikia maelezo yake yote na ninayaamini.

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka skuli na chokea. Muuzaji wa duka la dawa alimwambia anawe mikono, aweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara nne kwa siku, na asikikamue. Hakuna aliyemuuliza kamchungulia nani. Nilifurahi kwa kweli, sitaki mwanangu atishwe nilivyotishwa mimi. Siku ya saba alinifuata jikoni, akafumba macho, akaniinamishia uso niuguse ukope wake. Ulikuwa laini. Akaniuliza changu mimi kilichukua siku ngapi kupona. Nikamwambia siku nne tangu kupasuliwa, na hilo ni kweli. Sikumwambia kwamba mimi, mpaka leo, sijui kama nimesamehewa.