Zaitun, mwalimu anayeitafuta masta kwenye dawati la nyuma

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Zaitun amejibanza kwenye dawati la nyuma, Kidato cha Pili, magoti yamekwama kama mtoto aliyerudishwa darasa. Ana miaka arobaini na mitatu, usione hivyo. Kule mbele Mwalimu Abeli anauliza swali la kemia. Mikono yote sabini na moja inapanda juu. Zaitun anaandika haraka haraka.

Sekondari hii iko upande wa Gulwe, naye kafundisha hapa miaka kumi na minne. Kwao ni Kondoa, ila nyumba iko Miyuji, Dodoma mjini, aliko mumewe Msafiri na binti yao Asma. Ijumaa mchana anapanda bodaboda mpaka Mpwapwa, halafu basi. Jumamosi kutwa yuko chuoni, anasomea masta ya ualimu. Jumapili, nguo hata hazijakauka kwenye kamba, huyo anageuza. Majirani wanamtania Msafiri kwamba kaoa mgeni wa wikiendi.

Masta yenyewe kaitamani toka Asma ananyonya. Akiipata, ataomba uhamisho akafundishe chuo cha ualimu mjini, alale kwake. Sasa Asma yuko Kidato cha Nne, mwakani anaweza kupangiwa shule ya mbali. Zaitun anataka kuhitimu Novemba hii, awahi angalau miezi michache na mwanawe.

Umebaki utafiti tu: kuona wanafunzi wanavyoshiriki masomo ya sayansi. Rafiki yake Abeli kampa vipindi vyake kumi na viwili avitazame, na hiki ndicho cha mwisho.

Kipindi kinaisha. Zaitun anamsifu binti wa dawati la jirani, Gladness, kwa kunyoosha mkono kila swali. Binti anainamisha uso, halafu anamweleza taratibu kwamba mwalimu kawapanga. Anayejua ananyoosha wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto, asije akachaguliwa.

"Mimi ni wa kushoto, madam. Tuko wengi."

Ofisini, Abeli wala hafichi. Anashangaa kununiwa.

"Dada Zaitun, walipokuja wakaguzi si tulifanya hivi hivi, na darasa lako likiwemo? Nimekupa darasa zuri upate masta yako urudi kwa mumeo. Kosa liko wapi?"

Na ni kweli. Hilo ndilo linalomchoma. Mchezo huo hata yeye kaucheza, ila alipokaa kutazama akasahau kwamba upo.

Angenyamaza, nani angejua? Lakini jioni ile ile alimpigia msimamizi wake chuoni akamweleza yote. Jibu likawa vipindi vyote virudiwe. Kuhitimu Novemba kukaenda hivyo. Alipompigia Msafiri, mwanaume alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama amekula.

Wiki hii anaanza upya, na Abeli kakubali, kwa kunung'unika, asimpange mtu.

"Nikija kufundisha chuo cha ualimu, wanachuo nitawaambia hivi: mtoto akishindwa mbele ya mgeni, si aibu ya mwalimu," anasema Zaitun. "Mimi nimechelewa kulijua."

Anakunja daftari.

"Nikija kuhitimu, Asma atakuwa ameshaondoka. Basi. Atakuja likizo, na safari hii yeye ndiye atanikuta mimi nyumbani."