Siri ya Uongo Aliyopewa Kinyozi

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Mashuka. Alikunja shuka mia mbili kwa zamu, kona zote zimelala sawasawa. Wasichokijua wenzake ni kwamba nyuma ya rafu ya foronya alificha kichupa cha pombe, na kila akiinama kuchukua foronya alipiga funda.

Mdogo wake wa kike ndiye aliyembaini. Hakumgombeza. Alimpeleka kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la kinyozi, walikokutana watu tisa wanaoacha pombe kwa kufuata mpango wa hatua kumi na mbili. Mwenyeji wao alikuwa kinyozi mwenyewe, mfuasi wa Budha. Kabla ya mazungumzo waliketi juu ya mito, kimya, robo saa nzima, kila mtu akifuata pumzi yake.

Mama Mashuka alikodoa macho muda wote. Aliona kisanamu, mshumaa, viatu vimepangwa mlangoni, akajiambia hapa kuna namna. Walipofikia hatua ya kujikabidhi kwa nguvu iliyo kuu kuliko wewe, aliuliza bila kuzunguka kama wanataka kumbadilisha dini. Kinyozi akamjibu aendelee na sala zake. Yeye mwenyewe, alisema, huegemea ukimya ule na wale waliomo chumbani. Jibu lilikuwa laini mno, likamzidishia wasiwasi.

Hata hivyo chupa aliiacha, kwa hiyo aliendelea kwenda. Ikafika hatua ya tano, kumweleza mtu mmoja makosa yako yote. Amwambie kinyozi, mtu anayepiga soga kutwa na kila kichwa kinachokaa kitini? Tena msimamizi wa kufulia alinyolewa palepale.

Akatega mtego. Alimwambia kinyozi kwamba mwaka uliopita kulikuwa na barua isiyo na jina iliyomchafua msimamizi, na kwamba aliiandika yeye. Uongo mtupu. Akakaa kusubiri maneno yarudi.

Wiki ya sita baada ya hapo msimamizi alimwita ofisini, akafunga mlango. Mama Mashuka aliona kinyozi kishasema. Nilijua, alijisemea. Kumbe msimamizi alitaka awafundishe wafanyakazi wapya kukunja.

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, akamkuta peke yake anasafisha mashine.

"Ile barua sikuiandika mimi. Nilikuwa nakupima."

Kinyozi alipuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Msimamizi wako nimemnyoa mara tatu tangu siku ile," alisema. "Ulimi uliniwasha, dada, usifikiri ilikuwa rahisi. Sasa niambie la kweli."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akageuzia kioo kisogo, akasema. Siku ya mwisho ya mama yao, zamu ya kumwangalia ilikuwa yake. Mama aliita kutoka chumba cha pili, akiomba maji. Yeye alisikia, lakini alikuwa amelewa, hakuweza kuinuka. Kisha alimwambia mdogo wake kwamba mama amefariki usingizini.

Kinyozi hakumpa pole nyingi. Waliketi pamoja wakifuata pumzi mpaka mteja akabisha.

Miezi minne baadaye, kwenye hatua ya tisa, ya kuwaomba radhi uliowakosea, alimweleza mdogo wake. Mdogo wake alinyanyuka akaondoka, na kwa miezi miwili hakupokea simu. Siku aliyorudi, alisimama mlangoni pa dada yake, hakuzungumzia mama. Aliuliza tu kama dada yake bado hanywi.

"Sinywi," alisema Mama Mashuka.

Mdogo wake alimtazama kama mtu asiyeamini bado, kisha akavua viatu akaingia ndani.