Nilifunga video kwenye WiFi ya mtaa, nikamnyamazisha jirani yangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Goba, na sijapunguza kitu ili nionekane mzuri.

Mie si msomi wa kompyuta. Mambo ya mitandao nimejifundisha mwenyewe. Mtaa wetu ulipochangia WiFi ya wote, rauta ikafungwa kwenye ukuta wangu na usimamizi nikapewa mie.

Ikawa inasuasua. Nikachunguza kwa utaratibu, nikaona video ndizo zinazoila.

Nikafunga video zote, hadi simu za video. Nikaacha ujumbe na simu za sauti. "Mawasiliano ya maana tu," nilisema kikaoni. Nikapigiwa makofi, na kichwa kikavimba.

Jirani yangu Salumu, fundi cherehani, alikuwepo. Ni kiziwi. Hakuna aliyemtafsiria.

Baadaye nikawa namwona chini ya rauta, kainua simu juu, anahama kona hii hadi ile. Namkuta hivyo, nampungia mkono, napita.

Mwisho dada yake, Mwanahawa, muuza chapati, akanifuata.

"Kaka, Salumu kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Mbona umemkata ulimi?"

Nikamweleza kwamba simu za kawaida zinapita.

Akacheka kwa kuudhi. "Haya, mpigie basi. Akikuitikia uje uniite, nikupe chapati za bure."

Kisha akanieleza yote.

Mke wa Salumu naye ni kiziwi. Alikuwa amekwenda Tanga kujifungulia kwao, mimba ya kwanza. Wote wawili kusoma hawajui. Wanaongea kwa mikono, na mikono lazima ionekane.

Nilifungua video palepale. Mwanahawa akamwita Salumu kwa mkono, naye akapiga.

Mkewe akatokea, kitoto kifuani. Kwamba kimezaliwa, Salumu alishaambiwa na dada yake. Sura ya mwanawe ndiyo kwanza anaiona.

Kisha akanigeuzia simu. Mkewe akasema kitu kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa umembeba mtoto.

Mwanahawa akanitafsiria: "Anakuomba radhi. Anadhani wao ndio waliomaliza mtandao wa watu."

Wakuu, nilitamani ukuta ule unifunike.

Nilipima kila kilichopita kwenye rauta. Wanaoitumia sikuwauliza.

Mnaosimamia WiFi za mitaa, nyie kabla ya kufunga kitu mnaanzia kwa nani?

Na anayejua lugha ya alama anieleze hapa chini: "ni mie niliyekosea" inasemwaje kwa mikono? Siku ile sikujua, nikaishia kutabasamu tu.