Mke wa Kinyozi Si Mtindo wa Gauni

Saa mbili kasorobo asubuhi, mkoba ukiwa bado begani, anawasha kompyuta na kuandika jina la mwanamke aliyekufa. Majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Anabonyeza, anangoja. Kompyuta inakoroma kama mzee mwenye mafua.

Jina linatokea, juu kabisa ya ukurasa. Anashusha pumzi, anavua mkoba, ndipo anapowasalimia wenzake.

"Kila asubuhi naangalia kama bado yupo," anasema. "Mtu akishazikwa mara moja inatosha."

Wenzake wanamwita Dada Vichwa. Anafanya kazi katika chumba cha nyuma cha studio ya picha, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Picha za harusi, mahafali na misiba zikishapigwa, yeye huzipanga katika albamu za mtandaoni. Kila albamu huipa kichwa kikubwa kimoja, kisha vichwa vidogo: Nyumbani, Njiani, Makaburini. Chini ya kila picha huandika maneno machache ya kueleza kinachoonekana.

Wengi hudhani vichwa hivyo ni pambo tu, herufi nene za kupendezesha ukurasa. Sivyo. Ndivyo vinavyouongoza mtambo wa kutafutia vitu mtandaoni, na mtambo huo hauna macho.

"Hauoni machozi," anasema. "Unasoma ulichouambia. Ukiuambia huu ni msiba wa fulani, ndugu zake watamwona. Ukiudanganya, nao utadanganya watu, tena kwa bidii."

Nusu ya mshahara wake huishia kwenye kodi ya nyumba. Inayobaki inamlisha yeye na mwanawe mwenye pumu.

Mwaka jana kinyozi wa mtaa wa pili alifiwa na mkewe, fundi cherehani. Binti yao mkubwa yuko ng'ambo na hakupata ruhusa kazini. Kinyozi akalipia albamu ili binti naye azike, japo kwa macho. Dada Vichwa akaandika kichwa: Mazishi ya Mama Yetu, na majina yote matatu. Kisha akaenda likizo kumuuguza mwanawe.

Siku aliporudi kazini, alimkuta kinyozi amesimama kaunta, simu mkononi. Hakupiga kelele.

"Mwanangu," alimwuliza, "mke wangu amekuwa mtindo tangu lini?"

Kichwa kilikuwa kimebadilishwa. Sasa kilisomeka: Mitindo Mipya ya Magauni ya Msiba. Jina la marehemu lilikuwa limefutwa ukurasa mzima. Huko ng'ambo, binti aliandika jina la mama yake tena na tena, asipate kitu. Aliyemwonyesha albamu hatimaye ni rafiki yake aliyekuwa akitafuta nguo.

Chini ya picha ya mdogo wa marehemu, akilia huku ameshikiliwa na wanawake wawili, watu wasiomjua walikuwa wameandika maoni. "Hiyo kola imekaa vizuri." "Kitambaa gani hicho?" "Huyo wa katikati, gauni lake linauzwa wapi?" Na mmoja: "Analia hivyo na bado kapendeza!"

Mtu yuko kwenye kaburi la dada yake, na mgeni anaulizia gauni. Nani alimkaribisha?

Mwenye studio hakatai kwamba ni yeye. "Watu hawatafuti marehemu, watu wanatafuta nguo," anasema, miguu juu ya kiti. "Wageni wakiongezeka kwenye ukurasa, matangazo yanalipa. Isitoshe, aliyekufa halalamiki."

Analalamika. Malalamiko yake yalisimama kaunta asubuhi nzima, yameshika simu.

Dada Vichwa alirudisha jina siku hiyohiyo. Kesho yake bosi akaliondoa. Akalirudisha. Likaondolewa tena. Mwishowe bosi akamwita mbele ya wafanyakazi wote.

"Wewe umeajiriwa na mimi au na kinyozi?"

"Na wewe, bosi."

"Basi andika kinacholeta watu."

"Sawa. Niletee picha za msiba wa marehemu mama yako, nianze na hizo."

Mpiga picha mmoja akaanza kupangusa lenzi iliyokuwa safi. Bosi aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, na tangu hapo hajaligusa jina lile.

Dada Vichwa hakuogopa?

"Niliogopa, kwa nini nisiogope? Nina mtoto. Lakini woga na aibu vilishindana, aibu ikashinda."

Kinyozi alirudi kushukuru. Akaitazama tena picha ya shemeji yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba gauni lile lilishonwa na marehemu mwenyewe, la mwisho kutoka kwenye cherehani yake. Alimshonea mdogo wake alivae kwenye mahafali ya mwanawe.

Dada Vichwa hakuyafuta yale maoni. Chini ya picha aliandika: Mdogo wa marehemu, amevaa gauni aliloshonewa na marehemu. Akaweka majina yote matatu. Anayeulizia gauni sasa hana budi kukutana kwanza na aliyelishona.

Siku chache baadaye binti wa ng'ambo naye alimjibu yule aliyeuliza linauzwa wapi. "Haliuzwi," aliandika. "Fundi wake ni mama yangu."

Kinyozi ameomba jina la mkewe lisichapishwe gazetini. "Limetembea vya kutosha," anasema. "Liacheni likae na wenyewe."

Lakini albamu nyingine za misiba bado zina vichwa vya kuuzia nguo, maua na majeneza, na wafiwa hawana habari. Dada Vichwa amepanga kuwapigia simu wote, mmoja mmoja, waseme wenyewe kichwa kiandikweje. Je, bosi akisoma habari hii?

"Asome. Akinifukuza, angalau yeye atajulikana kwa kichwa cha kweli."

Anafungua albamu ya pili. Kichwa chake: Majeneza ya Kisasa kwa Bei Poa. Anasonya, anachukua simu.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka studio ya picha. Hapana, hudaiwi kitu, mama yangu. Nilitaka kukuuliza tu: marehemu jina lake kamili nani?"