Kitako cha Mtumbwi wa Rubisi

Kila nikipita Kibeta nikakuta watu wanakamua ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, ile harufu tamu hunifanya nishindwe kutulia.

Kitako cha bunduki ya baba, ile kuukuu ya kuwindia, kilipasuka. Alitafuta kingine Bukoba, akaenda hadi Muleba, asipate kinachoingiana na chuma chake. Nguruwe pori wakazidi kufukua mihogo yetu. Asubuhi moja akaupiga msumeno mtumbwi wetu wa kukamulia ndizi, achonge kitako kwa mti wake.

“Na harusi ya binti yako, pombe tutakamulia wapi?” mama alifoka.

“Nguruwe wakimaliza shamba, wageni utawalisha nini?”

Kitako kikakaa sawasawa. Harusini tuliazima mtumbwi kwa jirani. Baba hakunywa. Alikaa migombani na bunduki yake, shavu kwenye kitako kama anayelenga, macho kayafumba, akikinusa.