Shubiri Waliyonificha

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kukaripia. Nilitoka kwetu Shella, Malindi, na sare iliyopigwa pasi ikasimama, nikapangiwa zahanati moja ya bara, upande wa Vitengeni. Jina lake silitaji, maana walioko pale leo hawana kosa. Muuguzi Msimamizi, mkuu wetu, alinionyesha mizani ya watoto, kadi za kliniki na sanduku la baridi la kuhifadhia chanjo. Kisha akaingia mama mmoja mwenye mtoto aliyefungwa majani kwenye kidonda. Mkuu akamwambia, "Umeanza kwa mganga, kamalizie kwa mganga. Ukitaka dawa ya serikali, nenda mwisho wa mstari." Mama akambeba mwanawe, akaenda mwisho wa mstari. Mkuu akanigeukia: "Hivi ndivyo wanavyojifunza. Ukiwachekea, watakuletea mizizi mpaka mezani."

Niliamini kwamba huo ndio uuguzi. Nilikuwa na ulimi mkali tangu utotoni, na sare ikaupa ruhusa. Haukupita mwaka, wanawake wakawa wananiogopa mimi kuliko mkuu, nami, Mungu anisamehe, nikaona fahari.

Sasa niwaeleze mshubiri, ule mmea wa aloe, nyinyi mnaoununua leo ndani ya chupa. Wenyeji wa bara waliuita golonje, na haukukosekana nyuma ya nyumba. Jani lake lina vitu viwili ambavyo watu wengi hawavitofautishi. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu kupita kiasi: hiyo ndiyo shubiri. Ndani zaidi kuna ute mwangavu, unaopoza ngozi iliyoungua kidogo. Utomvu ni haluli, yaani dawa ya kuendesha tumbo, na unaweza kumkausha mtu maji yote mwilini. Mama zetu walipaka shubiri kwenye chuchu wakitaka kumwachisha mtoto ziwa. Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo. Mtoto huonja, akakunja uso, akaacha. Lakini wapo wasioacha.

Asubuhi moja mkuu alikuwa mkutanoni Kilifi, nami niko peke yangu. Akaja Kadzo, mke wa mkulima wa jirani, na mwanawe Karisa, mtoto wa mwaka na kitu, anaharisha. Nilifanya kama tulivyofunzwa: unaibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, unaiachia, unatazama kama inarudi upesi. Ilichelewa kidogo tu. Nikauliza kwa ile sauti yangu, "Umempa nini huko nyumbani? Usinidanganye."

"Sikumpa kitu, sista."

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

Nikampa pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji yaliyochemshwa. Nikamwagiza, kama kitabu kilivyosema, amnyonyeshe zaidi ya kawaida.

Kumbe Kadzo alikuwa na mimba changa. Kwao iliaminika kwamba maziwa ya mama mjamzito humharibu mtoto tumbo, kwa hiyo mavyaa yake, mama wa mumewe, alikuwa ameanza kumpaka shubiri ili Karisa aache ziwa. Karisa alikuwa mbishi, akanyonya na uchungu wake. Alipoharisha, mavyaa akasema ni yale maziwa, akazidisha shubiri. Mtoto akaharisha zaidi, akashikwa na kiu, akazidi kulitaka ziwa. Na mimi, mwenye cheti ukutani, nilikuwa nimeagiza anyonyeshwe zaidi.

Siku ya tatu walirudi. Macho ya Karisa yalikuwa yamezama, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo niliyoibana ilibaki imesimama. Nilipoinama kifuani pa Kadzo niliona doa la manjano kwenye leso, nikasikia harufu niliyoijua kabla sijajua kusoma. Niliita gari la wagonjwa, nikapanda nao. Karisa alifariki njiani, mapajani pa mamake, na mimi nimeshika kikombe cha chumvichumvi.

Nilimuuliza Kadzo, humo humo garini, kwa nini hakuniambia. Hakupandisha sauti. "Niliogopa, sista. Mwezi uliopita ulimsimamisha jirani yangu mbele ya watu, ukamwita mshenzi."

Ni kweli. Nilimwita hivyo.

Baada ya mazishi nilibadili kazi yangu. Kila siku ya kliniki nilianza kwa kuwaambia kina mama kwamba mimi pia niliachishwa ziwa kwa shubiri. Walicheka, halafu wakaanza kusema. Niliwafundisha: jani likikatwa lisimamishwe, upande uliokatwa chini, mpaka manjano yote yachuruzike, lioshwe, limenywe ganda, ute upakwe kwenye mchomo mdogo wa moto uliokwisha kupozwa kwa maji. Mchomo mkubwa au wenye kina uletwe kwetu. Utomvu usimezwe, na mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto na mgonjwa wa figo wasiuguse kabisa kwa mdomo.

Mkuu alinishtaki. Msimamizi wa Wauguzi wa wilaya aliniita ofisini kwake. "Sisi hatukusomea majani," akasema. "Ukiyataja, umeyahalalisha."

"Tusipoyataja, bibi, wanayatumia kimya kimya."

"Basi hiyo ni juu yao."

Nikahamishiwa mjini, wodi ya wanaume, mbali na kina mama. Kabla sijaondoka, Kadzo alimleta binti yake mchanga kwa chanjo. Nilimuuliza kwa upole wote nilionao kama kuna kitu chochote amempa. "Hapana, sista," akajibu, huku anatazama sakafu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli.

Sasa nakaa mtaa wa Barani, Malindi, nimestaafu. Jirani yangu anakunywa shubiri ya chupa "kusafisha mwili", juu ya vidonge vya sukari anavyomeza kila siku. Namwambia amweleze daktari wake, kwa kuwa viwili hivyo vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Ananijibu kwamba daktari atamfokea. Huenda kweli akafokewa, na waliomfunza daktari huyo ni watu wa rika langu.

Siku ya kuniaga, pale hospitalini, walinivisha taji la maua, wakaleta keki. Msimamizi wa wauguzi wa wakati huo alisoma faili langu, akawatangazia vijana kwamba tangu niajiriwe hakuna mama hata mmoja aliyewahi kuleta malalamiko juu yangu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilisimama, nikawashukuru. Nilikuwa nikimfikiria Kadzo, ambaye naye hakulalamika.