Gurudumu la Upande wa Kushoto

Mume wangu alinikanyaga mkono wa kushoto kwa buti ya kazi, kwenye sakafu ya nyumba tuliyopanga kule Kihoto, huku akisema, "Si unapenda kucheza? Cheza sasa!" Nilikuwa nimetoka kupiga kibodi kwenye ruracio, sherehe ya mahari, huko Njoro, na watu wa bendi wakanirudisha jioni. Kosa langu lilikuwa hilo tu. Nilisikia vidole vikivunjika kabla sijasikia uchungu, na bado nikamtemea mate. Mimi si mtu wa kunyamaza. Akanipiga teke la mbavu, akaenda kulala, na asubuhi akaenda kuchomelea mageti yake kama kawaida.

Nilifunga kibodi kwa blanketi nikakimbilia kwa mama yangu, Bondeni. Hospitalini waliniwekea plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Mama alinipikia uji, akaniosha nywele, lakini kila siku maneno yake yalikuwa yale yale: "Vumilia. Ndoa si kitu cha kukimbia. Utakaa kwangu mpaka lini?" Aki ya nani, hayo yaliniuma kuliko buti.

Halafu kiongozi wa bendi akapiga simu. Jumamosi kulikuwa na harusi Gilgil. "Utaweza, ama nitafute mtu mwingine?" Nikamwambia nitaweza. Nilijua akipata mwingine, mimi nimesahaulika, na bila bendi singeweza kujipangia hata chumba kimoja. Ningerudi Kihoto, na safari hiyo angenimaliza.

Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na besi ingeshikwa na mwenye gitaa. Shida ilikuwa gurudumu. Kwenye kibodi yangu, kushoto kabisa, kuna kigurudumu cha modulesheni. Ukikisukuma juu, sauti inaanza kutetemeka, na sauti ya filimbi inakuwa kama ya mtu mwenye pumzi. Bila hiyo inalia kama kabambe, simu ya bei rahisi, na watu wa harusi hawainuki kwenye viti. Kigurudumu kinasukumwa kwa mkono wa kushoto, na wangu ulikuwa jiwe.

Ijumaa mchana niliamua kazi hiyo itafanywa na mguu. Niliingia kwenye menyu, nikatafuta mahali pa pedali, ile ya kukanyaga chini, nikaiamuru ishike modulesheni. Nikazima, nikawasha, nikapiga noti. Ikatetemeka kabla sijakanyaga. Nikikanyaga, inatulia. Ebo! Niliitukana matusi ambayo mama hajui kama nayajua. Nilirudi kwenye menyu, nikakuta kila kitu kiko sawa, nikatamani kuirusha ukutani. Baadaye ndipo nikashtuka: nilikuwa nawasha kibodi mguu ukiwa juu ya pedali, kwa hivyo ilidhani kukanyagwa ndiyo hali yake ya kawaida. Nikazima, nikaondoa mguu, nikawasha tena, ikatii. Lakini mtetemo ulikuwa umejaa mpaka mwisho, filimbi ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Mama akachungulia kutoka jikoni. "Unaua nani huko?" Nikacheka mara ya kwanza wiki hiyo, na mbavu zikaniadhibu. Nikaupunguza mtetemo kidogo kidogo hadi nikapata sauti niliyoitaka.

Hapo ndipo hodi ilipopigwa. Alikuwa mume wangu, na mjomba wake, na mkate, sukari na mafuta ya kupika.

"Mama, tumekuja kuomba msamaha," mjomba akasema. "Ni shetani tu alimwingia."

Mume wangu alilia, machozi ya kweli kabisa. Mama akaweka chai jikoni, akanigeukia. "Si umesikia? Si ameomba msamaha?"

Niliendelea kucheza. Mume wangu akaja akasimama upande wangu wa kushoto.

"Nasikia kesho una harusi Gilgil, nakuja na wewe," akasema kwa sauti tamu. "Nitakaa hapa nikusukumie hii. Mimi ndiye mkono wako wa kushoto."

Akaweka kidole gumba kwenye gurudumu, akalisukuma hadi juu. Filimbi ikapiga mayowe. Mama akatabasamu, akidhani anaona mapenzi.

"Toa mkono."

"Pole pole basi, mpenzi."

"Nimesema toa mkono!"

Alinishika shingo kwa nyuma, vile mtu anavyombembeleza mkewe, kisha akafinya hadi macho yangu yakaona giza. "Usiniaibishe mbele ya wazee," akaninong'oneza.

Niligeuka nikamtandika mdomoni kwa ile plasta, kwa nguvu zangu zote. Ikapasuka. Moto ukapanda hadi begani, nikapiga nduru, na damu yake ikaruka kwenye funguo nyeupe. Akainua ngumi.

"Ishushe."

Alikuwa mama. Ameshika sufuria ya chai inayochemka kwa mikono miwili, kitambaa cha jikoni kimezunguka mashikio.

"Mama, mwambie msichana wako aombe msamaha!" mjomba akafoka.

Mama alikuwa anaangalia shingo yangu, mahali vidole vilipokuwa. "Bebeni vitu vyenu," akasema. "Huyu ana kazi kesho. Na wewe, songa karibu yake tena nikubabue uso."

Wakabeba mkate, sukari na mafuta, wakaenda.

Gilgil nilicheza, plasta imefungwa kwa bandeji, uchungu ukinitoa jasho, na hadi leo niko na bendi. Lakini nikikumbuka wiki hiyo, harusi siioni. Namwona mama baada ya kufunga mlango kwa komeo, amekaa sakafuni na sufuria yake, anatetemeka mwili mzima, analia kama mtoto.

"Angekuua," alisema. "Angekuua, na mimi ndiye ningekuwa nimekupeleka."